Ferrata Tridentina, ukuta wa Pisciadù: inastahili sifa zake, ila ratiba ndiyo kila kitu

Wageni wengi wanaofika Dolomiti, milima ya kaskazini mwa Italia, kwa mara ya kwanza wakitaka kupanda ferrata (njia ya ukutani yenye kebo ya chuma iliyofungwa mwambani, ambayo mpandaji hujifunga kwayo) huelekezwa hapa: Ferrata Brigata Tridentina, kwenye kuta za kaskazini za milima ya Sella, kati ya Passo Gardena na kijiji cha Colfosco. Jina limetokana na brigedi ya Alpini, askari wa milimani wa Italia. Kupanda hakulipiwi, kuanzia barabarani ni karibu, na juu kuna daraja la kuning'inia ambalo kila mtu anataka kupigwa picha akilivuka. Sifa zote hizo ni za kweli, na ndizo zinazoleta msongamano. Kwenye njia hii mwamba wenyewe ni nadra kukuangusha. Yanayoharibu siku ni foleni, maji kwenye vyuma na radi ya alasiri, na dawa ya yote matatu ni kuwahi.

Ugumu wake kwa kipimo cha herufi, ambapo A ni rahisi kabisa, ni B kwa sehemu kubwa na C kwenye ukuta wa mwisho. Anayepanda ngazi ndefu bila kizunguzungu na ambaye mikono yake inaweza kufanya kazi saa mbili au tatu mfululizo ataimaliza. Asiyewahi kuvaa hanesi (mikanda ya kiunoni na mapajani) kabisa asianzie hapa peke yake. Atafute kwanza njia ya A ajifunze kuhamisha karabina, pete za chuma zinazofunguka za kujibana kwenye kebo, bila kufikiri, au amkodi mwelekezi wa milima.

Maegesho yapo kando ya barabara ya SS243, chini kidogo ya Passo Gardena upande wa Colfosco, kwenye kimo cha mita 1,950 hivi. Kutoka hapo ni mwendo mfupi tu hadi chuma cha kwanza, na ndiyo maana msimu wa Julai na Agosti maegesho hujaa mapema. Hanesi na helmeti vivaliwe pale pale kwenye gari au mara tu unapofika chini ya ukuta, si ukiwa katikati ya foleni huku watu nyuma yako wakipumua kwa hasira.

Sehemu ya kwanza ni ukuta mfupi wenye vipandio vya chuma vilivyopigwa mwambani kama ngazi iliyonyooka. Kiufundi ni rahisi, lakini ndipo wageni wengi hushtuka, kwa sababu mbili. Kwanza ukuta unatazama kaskazini, kwa hiyo asubuhi hauna jua, vyuma ni baridi na mara nyingi maji yanachuruzika juu yake. Soli ya kiatu iliyolowa tope huteleza kwenye chuma cha duara haraka kuliko kwenye mwamba, basi kanyaga kwa katikati ya unyayo, si kwa ncha ya vidole. Pili, hapa hakuna pa kupishana. Kundi moja la watu wanane wasiojua kuhamisha karabina linaweza kuwasimamisha wote walio nyuma.

Ukimaliza vipandio hivyo unatembea kwenye kijia cha kawaida hadi ukuta mkuu, karibu na maporomoko ya maji ya Pisciadù. Hii ndiyo sehemu tamu. Mwamba wa dolomiti una vishikio vingi, kebo ni nene na imekazwa vizuri, na mpandaji mwenye uzoefu atapata hatua nyingi za kupanda kwa mikono na miguu bila kuvuta kebo kabisa. Tunashauri hata wageni wajaribu hivyo. Anayejivuta kwa mikono kwenye kebo mita zote hizo hufika ukuta wa mwisho vidole vimekufa ganzi, wakati ndiko nguvu zinahitajika. Kasoro moja tu: viatu vya miaka mingi vimesugua baadhi ya vikanyagio hadi vinang'aa, na mvua ikinyesha hapo panateleza kama sabuni.

Kabla ya mnara wa Exner, nguzo ya mwamba yenye ule ukuta wa mwisho, kuna mahali pa kutoka. Kijia kinaiacha kebo na kupanda kwa miguu hadi kibanda cha wapandaji bila kupitia mnara. Wengi hupita pale bila hata kupaangalia, na ni kosa, kwa sababu hapo ndipo pa kuamua. Ikiwa mawingu yameanza kujenga minara, ikiwa mwenzako ameshaanza kutetemeka mapaja, au ikiwa foleni chini ya ukuta wa mwisho haisogei, toka. Ukishaingia kwenye ukuta wa mnara, kurudi chini kupita watu wanaopanda ni kazi ngumu na ya hatari kuliko kumalizia.

Ukuta wa mnara ni mkali na wazi, bonde lote liko chini ya visigino. Hiyo C inatokana na wima wake, si uhaba wa vishikio. Vyuma vipo pale vinapohitajika. Baada yake ndipo daraja, fupi, la mbao na kebo, linalounganisha mnara na mlima wenyewe juu ya ufa mwembamba. Bana karabina kwenye kebo ya usalama na uvuke bila kukimbia. Picha ipigwe na aliyeko ng'ambo. Kusimama katikati ya daraja kujipiga mwenyewe huku watu kumi wakining'inia nyuma ni utovu wa adabu, na kunatokea kila siku.

Sasa vifaa, maana hapa ndipo wageni hudanganywa na bei. Unahitaji helmeti, hanesi, glavu na seti ya ferata: mikono miwili ya kamba yenye karabina kubwa, na kifyonza mshtuko kilichokunjwa ndani ya kipochi. Vipo vya kukodi katika vijiji vya jirani na kukodi kunatosha kabisa kwa likizo, ila soma lebo kabla ya kulipa. Tafuta maandishi EN 958:2017, kiwango cha Ulaya cha seti hizi. Toleo hilo la kiwango linataka seti ifanye kazi kwa mtumiaji wa kilo 40 hadi kilo 120, mzigo ukiwemo. Matoleo ya zamani yalijaribiwa kwa uzito mmoja tu wa kilo 80, maana yake mtu mwepesi alikuwa hatarini kupigwa na mshtuko mkali kabla kifyonza hakijaanza kufunguka, na mtu mzito kukimaliza chote. Mwaka 2012 na 2013 watengenezaji kadhaa waliziita seti zao zirudishwe, baada ya kubainika kwamba baadhi ya mikono ya mpira ilichoka kwa matumizi na aina fulani za breki za kamba hazikutabirika. Seti yenye breki ya namna hiyo, ambamo kamba hupita kwenye bamba lenye matundu, irudishe kaunta. Fungua pia zipu ya kipochi: nyuzi zilizoanza kuachia zina maana kuna mtu ameshaanguka nayo, na kazi yake imekwisha.

Kwa nini kifyonza? Kebo imeshikiliwa na nanga za chuma zilizopigwa mwambani kila baada ya mita kadhaa. Ukianguka, karabina zinateleza hadi nanga iliyo chini yako, na umbali huo wote unasimamishwa na kamba ya mita moja isiyonyumbuka. Bila kifyonza, nguvu yake inatosha kuvunja vifaa au uti wa mgongo. Kifyonza kinapoachia nyuzi zake taratibu, nguvu hiyo inagawanywa. Ndiyo maana kutengeneza seti yako kwa vipande vya utepe wa kawaida ni kujitafutia kifo. Hata na seti nzuri, kuanguka kwenye ukuta wima ni ajali: utagonga kipandio au ukingo kabla kamba haijakaza. Chukulia kwamba huruhusiwi kuanguka.

Watoto na watu walio chini ya kilo 40 wanahitaji zaidi ya seti. Wafungwe kwa kamba ya kupandia na mtu anayejua kuwashikilia kutoka juu. Kama hakuna anayejua, hiyo si njia yao bado.

Kufunga seti kwenye hanesi ni kwa fundo la kitanzi: pitisha kitanzi cha seti kwenye kitanzi cha mbele cha hanesi, kisha seti nzima ipite ndani ya kitanzi chake, kaza. Usiweke karabina ya ziada katikati. Njiani, karabina zote mbili ziwe kwenye kebo. Ukifika kwenye nanga, hamisha ya kwanza hadi upande wa pili, kisha ya pili. Wakati wowote moja lazima iwe imebana. Kati ya nanga mbili awepo mtu mmoja tu, kwa sababu anayeanguka atateleza hadi kwenye nanga ya chini na kumkuta mtu hapo. Sheria hii ndiyo inayovunjwa zaidi Tridentina, kwa ajili ya foleni. Anayekusukuma kwa nyuma mwambie asubiri, kwa sauti. Na mkono mfupi wa tatu, kama seti unao, ni wa kupumzikia tu; usipande ukiutegemea.

Kuhusu saa: uwe kwenye vipandio vya kwanza kabla ya saa mbili asubuhi, hasa wikendi na mwezi Agosti wote. Radi za kiangazi katika Dolomiti hupiga mara nyingi alasiri, na kebo ya chuma mita mia kadhaa inapitisha umeme ukutani kote. Ukisikia ngurumo ukiwa juu ya kebo, umeshachelewa. Namba ya dharura ni 112.

Kibanda, Rifugio Pisciadù, kipo karibu mita 2,585 kando ya ziwa dogo, na kinafunguliwa majira ya kiangazi. Beba pesa taslimu.

Kushuka kunapitia Val Setus, njia namba 666, na watu huudharau mteremko huo kwa sababu ferrata yenyewe imeshakwisha. Korongo ni mkali, sehemu ya juu ina kebo, na chini ni mawe legelege yanayoporomoka chini ya viatu. Mwanzoni mwa msimu, mara nyingi hadi Julai, juu kabisa kunabaki theluji ngumu. Uliza kibandani kabla ya kuondoka. Ikiwa ipo, viatu vya mbio havifai. Usivue helmeti wala hanesi ukinywa kahawa ukadhani kazi imekwisha: wanaoshuka mbele na nyuma yako hurusha mawe, na kebo za korongo zinapoloa zinafaa kubanwa kama zile za kupandia. Hesabu saa moja na nusu kurudi barabarani, zaidi kama magoti ni ya zamani.