Bunduki ya mbogo: ununue yenye mtutu wa urefu gani?

Mtutu mfupi unasifiwa sana siku hizi. Ni mwepesi, haukwami kwenye matete, na kushuka nao garini ni rahisi. Sifa hizo ni za kweli. Lakini kila inchi inayopunguzwa ina gharama, na sehemu ya gharama hiyo inamwangukia mtu asiyeshika bunduki kabisa: mfuatilia nyayo anayetembea hatua chache kutoka kwako. Nimezipanga bunduki hapa kwa urefu wa mtutu, kuanzia ile ambayo ningemshauri ndugu yangu anunue.

1. Inchi 23 hadi 24 (sm 58 hadi 61), kwa risasi ya .375 (kipenyo cha inchi 0.375)

.375 H&H (ya kampuni ya Holland & Holland) ilitoka mwaka 1912, na hapa Tanzania .375 ndiyo kipimo cha chini kwa wanyama hatari. Kwenye mtutu wa inchi 24, risasi yake ya gramu 19 na ushei hutoka kwa mwendo wa karibu mita 770 kwa sekunde. Winchester Model 70 Safari Express huja na inchi 24, Ruger Hawkeye African inchi 23. Uzito uliobaki mbele unatuliza mkono. Mbogo aliyejeruhiwa akikatiza mbio, mtutu unamfuata bila kuyumbayumba. Pofu, yule swala mkubwa, akisimama mita 200 mbugani, bado unamfikia bila wasiwasi.

2. Inchi 25 na zaidi

CZ 550 ya inchi 25 imewahudumia wawindaji bingwa wengi, na ukiipata iliyotunzwa, nunua. Ni nzito, lakini uzito huo unameza teke, yaani bunduki inavyokusukuma nyuma ukifyatua. Shida yake ni vichaka vizito na kuingia na kutoka garini, basi.

3. Inchi 20

Watu wengi hudhani hasara kubwa hapa ni mwendo wa risasi. Sivyo. Kwa .375, kila inchi inayopungua huondoa takriban mita 6 hadi 9 kwa sekunde. Ukitoka 24 hadi 20 umepoteza kama 30 hivi, na mbogo aliye hatua hamsini hataona tofauti. Hasara iko mdomoni mwa mtutu. Baruti ambayo ingeungulia ndani inamalizikia nje, mshindo unakuwa mkali zaidi na mwali unaonekana wazi alfajiri. Bunduki imepungua uzito, kwa hiyo teke linaongezeka. Mtu akifunga na kipunguza teke mdomoni, mshindo unarudishwa pembeni na nyuma, moja kwa moja kwenye masikio ya wenzake. Wapo wafuatilia nyayo ambao masikio yao yameharibika kazini kwa namna hiyo, na kusikia ndiko kunakowalinda wao na wewe porini. Ukinunua inchi 20, nunua na vikinga masikio vya timu nzima.

Ukiwa huna budi, chagua .375 Ruger. Ilitoka 2007, ganda lake linabeba baruti nyingi kuliko la H&H, na hata kwenye inchi 20 mwendo wake unakaribia ule wa H&H ya inchi 24.

Usinunue: .458 Winchester iliyokatwa mtutu

Ganda lake ni fupi tangu mwanzo. Ilipotoka 1956 baruti ilishindiliwa humo, na kwa miaka mingi wawindaji walilalamika kwamba iliganda na risasi ikatoka kwa mwendo mdogo. Baruti za sasa ni bora zaidi, lakini hii haina mwendo wa ziada wa kutupa. Kwa tembo kwenye kichaka, unataka risasi inayopenya hadi ndani.

Bunduki ya mitutu miwili ni habari nyingine. Haina bolti (komeo la nyuma linaloingiza risasi), hivyo hata ikiwa na mitutu ya inchi 24 bado ni fupi mkononi. Mitutu hiyo imeunganishwa ili risasi zote mbili zigonge karibu pamoja; iliyokatwa imepoteza ulinganifu huo. Iache dukani.

Ukiuziwa iliyotumika, tazama mdomo wa mtutu kwenye mwanga. Ukingo uwe sawa pande zote, bila mikwaruzo wala alama za msumeno. Kagua kilengeo cha mbele kama kimekaa wima, na pete ya mkanda kama imerudishwa nyuma ipasavyo. Ikiwa karibu mno na mkono, itakuumiza vidole kila unapofyatua. Kisha omba kuipiga mita 50, kwa risasi zilezile utakazokwenda nazo kwenye kitalu cha uwindaji.