Kuvua rangi ya treni za plastiki: isopropili kwanza, Dettol baadaye

Bodi ya treni ya mfano ya kipimo cha OO, yaani 1:76, ina vichwa vya ribiti ambavyo jicho linavipata kwa shida. Ukipaka rangi mpya juu ya kuukuu, vyote vinamezwa, mistari ya milango inajaa, na bodi inaonekana kama iliyochovywa kwenye uji. Kwa hiyo anayetaka kugeuza injini ya kijani iwe ya marun, tuseme marun ya Garratt (injini kubwa za mvuke) za daraja la 59 za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, hana budi kuvua rangi ya kwanza mpaka plastiki ionekane.

Tatizo ni kwamba bodi nyingi ni za polistirini au ABS, na vingi vinavyoyeyusha rangi haraka huyeyusha na plastiki hizo. Asetoni, thina ya duka la rangi na petroli ziache kabisa. Uso wa bodi unaanza kunata ndani ya dakika chache, ribiti zinalala, na hakuna namna ya kuzirudisha. Dawa nzuri ya kazi hii ni ile inayochelewa, na mbili zinazostahili pesa yako ni alkoholi ya isopropili na Dettol ya kahawia.

Isopropili ndiyo ya kuanza nayo. Tafuta ya asilimia 99, au angalau 90. Ile ya asilimia 70 ina maji mengi na kazi yake ni ya taratibu sana. Mafundi simu huitumia kusafishia bodi za simu, kwa hiyo wanaowauzia vifaa huwa nayo, lakini soma lebo: inapaswa kusema isopropyl alcohol. Baadhi ya mafundi husafisha kwa thina, na chupa isiyo na lebo usiinunue.

Kabla ya kuloweka, ng'oa kila kitu: chasisi, mota, taa, vyuma vya uzito na hasa vioo. Plastiki angavu ya madirisha ikikutana na alkoholi huweza kupata nyufa nyembamba ambazo hazifutiki. Vipande vilivyobandikwa kwa gundi nyeupe navyo vitalegea, kwa hiyo uwe na kikopo cha kuviwekea. Kisha fanya jaribio upande wa ndani wa bodi: bonyeza pamba ya masikio iliyolowa, subiri dakika 15, uguse. Plastiki ikinata au ikififia, hiyo bodi haifai kuloweshwa. Magamba ya treni (yaani bodi) ya selulosi asetati, plastiki ya zamani, ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, ambayo mengi yameshapinda yenyewe, usiyaloweshe hata kama jaribio limepita.

Chombo kiwe cha polipropilini, kile chenye namba 5 ndani ya pembetatu, na kiwe na mfuniko. Kirefu chembamba ni bora kuliko kipana, kwa sababu bodi moja itazama kwa dawa kidogo. Angalia kila nusu saa. Rangi nyingi za kiwandani huanza kukunjamana na kuinuka kwenye kona na kingo ndani ya saa moja hivi. Hapo chukua mswaki laini usugue bodi ikiwa bado imezama. Hili wengi wanalikosea: wanaitoa nje, alkoholi inakauka, na rangi iliyokwisha kulegea inashika tena ndani ya mistari ya milango. Kwenye pembe tumia kijiti cha meno cha mbao, kamwe si sindano. Maliza kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu (ya moto hupindisha kuta nyembamba), halafu iache ikauke siku nzima kabla ya praima, yaani rangi ya msingi. Rangi nyekundu wakati mwingine huacha doa ndani ya plastiki yenyewe. Ikiwa uso ni laini, praima italifunika, usiendelee kusugua.

Saa 24 zikipita na rangi haijatikisika, kuiacha siku nyingine ni kupoteza muda. Mara nyingi hiyo ni rangi ya mafuta iliyopakwa kwa brashi, mfano Humbrol. Ikishakomaa kwa miaka, alkoholi haiipenyi.

Hapo ndipo Dettol inapoingia, ile ya kahawia ya chupa inayouzwa kila duka la dawa, wala si sabuni wala dawa ya kupulizia. Ina mafuta ya msonobari, isopropili na sabuni, pamoja na kiuaviini cha klorozailenoli. Imimine bila kuichanganya na maji, loweka usiku kucha, funika. Rangi ya mafuta inalainika na kugeuka ute. Ute huo ndio mtihani wenyewe, kwa sababu ukigusana na maji mapema unakuwa gundi nyeusi inayong'ang'ania kila ribiti. Sugua kwa Dettol tupu, futa kwa karatasi, sugua tena. Ikisafika, paka sabuni ya vyombo isiyo na maji, isugue bodi nzima, na baada ya hapo tu ndipo usuuze. Zipo plastiki zinazolainika zikikaa humo siku nyingi, kwa hiyo mwisho wangu ni usiku mmoja, kisha ukaguzi. Kwa nguvu Dettol inaizidi isopropili. Kwa usafi wa kazi haiikaribii, na harufu yake hukaa ndani ya nyumba.

Mafuta ya breki ya DOT 3 yana wafuasi wa miaka mingi Marekani, na kweli yanavua. Lakini baadhi ya ABS huyaogopa, na tone likidondokea samani limeharibu vanishi. Siyapendekezi palipo na hizo mbili.

Vaa glavu za nitraili na miwani. Mvuke wa isopropili hushika moto hata kwenye nyuzi joto 12, nao hutambaa chini sakafuni, kwa hiyo fanya kazi barazani, mbali na jiko. Rangi za zamani, hasa za njano, huweza kuwa na madini ya risasi. Usizipige msasa kavu. Dettol iliyotumika usiimwage mtaroni, inaua samaki, na paka wasiikaribie. Isopropili iache itulie mpaka tope lishuke, ichuje kwa kitambaa, irudishe kwenye chupa yenye lebo. Inafaa kuloweshea bodi nyingine mbili tatu kabla haijachoka.