Matone ya homoni ya kupunguza mwili: tathmini ya huduma ya duka moja jijini Mwanza

Duka hili la vipodozi na lishe lililopo katikati ya jiji linauza matone ya homoni ya hCG pamoja na kadi ya mlo, na linaahidi kwamba mteja atapungua mwili bila kusikia njaa. Nilikwenda kumsindikiza jirani yangu, mama anayeuza dagaa mwaloni Kirumba, ambaye ndiye aliyenunua na kutumia. Mimi nilisoma kadi na chupa kwa makini kuliko mhudumu alivyopenda.

Kadi inaagiza matone kumi chini ya ulimi mara tatu kwa siku, na chakula kisichozidi kalori 500: chai kavu asubuhi, kisha mchana na jioni kipande cha samaki au nyama cha gramu 100, mboga isiyotiwa mafuta na tunda. Mteja anakatazwa hata kupaka mafuta mwilini. Sharti hilo la ajabu limetoka kwa Albert Simeons, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Roma, ambaye mwaka 1954 alidai kwamba sindano za hCG, homoni inayotengenezwa na kondo la nyuma wakati wa ujauzito, humwezesha mtu kustahimili mlo huo huku akipoteza mafuta yaliyozidi. Ili msomaji apate picha, takribani gramu 140 za unga wa sembe peke yake zina kalori 500, na mama anayebeba madebe ya dagaa tangu alfajiri anahitaji mara nne ya hizo au zaidi.

Jirani yangu alipungua kweli, na hapo ndipo wengi wanaponasa. Alipungua kwa sababu hakuwa anakula. Kizunguzungu alichokipata mbele ya wateja wake, pamoja na njaa aliyoambiwa haitakuwepo, vilitosha kueleza ni kitu gani kilichokuwa kikifanya kazi. Mapitio ya tafiti 24 yaliyochapishwa mwaka 1995 hayakupata ushahidi kwamba hCG hutibu unene, na mwaka 2011 mamlaka za Marekani ziliyaandikia onyo makampuni saba yaliyokuwa yakiuza matone ya aina hii. Mlo wenyewe, usiposimamiwa na daktari, unaweza kuleta mawe kwenye kifuko cha nyongo, kuvuruga uwiano wa madini mwilini na kufanya moyo upige bila mpangilio.

Kuhusu chupa, lebo ina picha ya kiuno chembamba, lakini haina jina la mtengenezaji, namba ya toleo wala usajili wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kwa kuwa vipimo vya mkojo vya ujauzito hutambua homoni hiyo hiyo, nilinunua kimoja famasi, nikachanganya matone machache na maji safi na kukichovya. Ulitokea mstari mmoja tu, yaani kipimo hakikuona homoni. Kipimo cha nyumbani si maabara, lakini mhudumu nilipomweleza alijibu, "Dada, hiyo ni homoni ya asili, haionekani," kisha akageukia mteja mwingine. Hata kama homoni ingekuwemo, ni protini kubwa, na ikimezwa humeng'enywa tumboni kama nyama ya sangara.

Mhudumu huyo aliyafananisha matone yake na sindano za semaglutide, dawa ya kupunguza uzito, na huko ni kuwapotosha watu. Dawa hiyo ilipimwa kwa majaribio makubwa, ambapo waliochomwa walipungua wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito katika wiki 68. Hata hivyo huleta kichefuchefu na kutapika, na hutolewa kwa cheti cha daktari anayemfuatilia mgonjwa, si kwenye kaunta ya losheni.

Ninawapa nyota moja kati ya tano, na hiyo ni kwa ajili ya mizani yao, ambayo inasoma sawasawa. Fedha hazirudishwi.