Uzoefu wangu na vyakula vya bei ghali kutoka duka kubwa la vyakula hapa Tanga

Katika maduka makubwa ya vyakula hapa Tanga kuna rafu ambayo wengi wetu huipita haraka kwa sababu ya bei zake: zafarani katika vichupa vidogo, mafuta ya zeituni, jibini kutoka Ulaya, tende za Medjool katika maboksi yaliyopambwa, chokoleti nyeusi, na viungo vilivyotiwa katika chupa za kioo zenye vifuniko vya mbao. Mwaka huu, nilipokuwa nikiandaa chakula cha Idi kwa ajili ya wakwe zangu, nilitenga fedha nikanunua karibu kila aina iliyokuwapo, na vingine ninaendelea kuvitumia mpaka sasa. Maoni yangu ni kwamba fedha hizo zina maana pale tu unaponunua kitu ambacho mkoa wetu hauna, na ambacho kiasi kidogo chake hutosha chungu kizima.

Zafarani ndiyo iliyonifanya niandike. Kichupa cha gramu moja kiliuzwa kwa fedha ambazo zingetosha kilo kadhaa za mchele mzuri, na bei hiyo ina sababu zake. Kila ua la zafarani hutoa nyuzi tatu tu nyekundu; maua yenyewe huchanua kwa majuma machache kwa mwaka, huchumwa kwa mkono, nyuzi zake huchambuliwa kwa mkono, na gramu moja ya nyuzi kavu huhitaji maua yapatayo 150. Sehemu kubwa ya zafarani duniani hutoka Iran, na hii niliyonunua ilitoka huko. Sisi watu wa pwani tunalijua jina lake tangu utotoni, lakini biriani nyingi tunazokula kwenye shughuli hutiwa rangi ya unga, ambayo hupendeza macho na haina harufu yoyote.

Kabla ya kuipika niliijaribu, na ninamshauri kila mnunuzi afanye hivyo: tia nyuzi mbili tatu katika maji ya uvuguvugu, kisha usubiri. Zafarani halisi hutoa rangi ya manjano ya dhahabu polepole, na nyuzi zenyewe hubaki nyekundu, ilhali ile iliyochovywa rangi huyageuza maji kuwa mekundu papo hapo na nyuzi zikapauka. Yangu ilipita jaribio hilo. Niliziponda nyuzi kidogo kwenye kinu pamoja na chembe za sukari, nikaziloweka katika maziwa ya uvuguvugu kwa nusu saa, nikamimina juu ya wali, nikafunika chungu na kupalia makaa juu ya kifuniko. Mama mkwe wangu, ambaye katika suala la biriani hamwonei haya mtu, alionja kisha akasema, "Mwanangu, hii inanukia kama ya zamani." Gramu moja imenitosha kwa vyungu kadhaa, na ukiigawa bei yake kwa idadi ya walaji, utaona kwamba nyama iliyokuwa katika biriani hiyo ilinigharimu zaidi. Nunua ya nyuzi tu. Ya unga ni rahisi mno kuchanganywa na vitu vingine, na huwezi kuikagua.

Mafuta ya zeituni nayo yananiridhisha, kwa sharti kwamba uisome chupa vizuri. Daraja la juu kabisa ni yale yaliyokamuliwa kwa mashine bila kemikali na bila joto kali, na asidi yake haipaswi kuzidi 0.8%. Adui wa mafuta haya ni mwanga, joto na hewa, kwa hiyo nilisikitika kukuta chupa za kioo cheupe zimepangwa mbele ya dirisha linalopigwa na jua la asubuhi. Nilichagua chupa ya kioo cheusi kutoka rafu ya chini, yenye tarehe ya mavuno. Sikuyatumia kukaangia samaki, maana ni hasara, na tui la nazi haliwezi kuondolewa katika mapishi yetu. Ninayamimina mabichi juu ya kachumbari na juu ya maharage yaliyokwisha kuiva.

Kuhusu jibini, Waislamu wenzangu wazingatie jambo moja. Parmigiano Reggiano, ile ya Italia ambayo huiva kwa muda usiopungua miezi 12 na ambayo gurudumu lake moja hutumia lita zipatazo 550 za maziwa, ni lazima kwa kanuni zake igandishwe kwa kimeng'enya kinachotoka katika tumbo la ndama. Wanazuoni wametofautiana kuhusu kimeng'enya cha mnyama ambaye hakuchinjwa kisheria, na mimi, kwa kuwa nilikuwa na wageni, niliiacha nikachukua chedda iliyokomaa, ambayo karatasi yake inaeleza kwamba inafaa kwa wasiokula nyama. Ni jibini nzuri, yenye ukali wa kupendeza, na kipande kidogo kilichokunwa hutosha sahani nzima. Hata hivyo, kwa mkate wa asubuhi naipenda zaidi jibini laini ya Irente, kule Lushoto, ambayo bei yake ni ya chini na haikusafiri mbali.

Viungo vya chupa sitavinunua tena. Mdalasini, iliki na pilipili manga hulimwa Amani na vijiji vingine vya Muheza, huletwa sokoni mjini vikiwa bado na mafuta yake, na muuzaji atakuruhusu umenye iliki moja unuse kabla ya kulipa. Iliki ya kwenye chupa ilikuwa imepauka, na nilihitaji karibu mara mbili ya kiasi cha kawaida ili chai inukie.

Tende za Medjool ni kubwa, laini na tamu sana, zinafaa kwa wageni. Zina unyevu mwingi, hivyo ziwekwe kwenye jokofu.

Chokoleti ndiyo iliyoniudhi. Siagi ya kakao huyeyuka kwa takriban nyuzijoto 34, na chumba kisicho na kiyoyozi hapa Tanga mwezi wa Februari hukaribia kiwango hicho. Niliyonunua ilikuwa na utando mweupe, dalili kwamba iliwahi kuyeyuka ikaganda tena: haidhuru afya, lakini inavunjika kama chaki na ladha yake imefifia. Niliirudisha pamoja na risiti, na msimamizi wa duka, kijana mwenye adabu, alinibadilishia kwa nyingine kutoka jokofuni bila mabishano. Nilimwomba pia aziondoe chupa za mafuta pale dirishani; aliahidi kufanya hivyo, nami nitakapokwenda tena nitatazama kwanza kama ametekeleza.