Multimita ya shilingi 15,000 iliyoiponya Honda ya marehemu baba

Multimita hii, yaani mita ndogo ya kupimia umeme, ninayo mwezi wa tano sasa. Naandika kwa ajili ya mwenye pikipiki ya zamani inayozimika ikishapata moto, maana mimi nilitumia hela nyingi kabla ya kujua tatizo liko wapi.

Pikipiki yenyewe ni Honda CG125, ya CDI (kiboksi cha elektroniki kinachoamuru plagi itoe cheche), siyo zile za mwanzo za platini. Baba aliiendesha miaka yake yote ya ubwana shamba, akaniachia. Injini yake naipenda kwa dhati: haina cheni ya kamu, vali zinasukumwa na fito, na ukimwaga oili kwa wakati haikusumbui. Naishi Mombo, Tanga, na kila wiki napanda Lushoto, kilomita 33 hivi za kona na mlima. Asubuhi inawaka kwa kiki moja. Nikikaribia Soni inakata ghafla, haikohoi wala haipungui nguvu kwanza. Nikikaa nusu saa, inawaka na safari inaendelea.

Gereji ya kwanza walisafisha kabureta. Haikusaidia. Wakasema ringi zimekwisha, silinda ikachongwa, ikaingia pistoni mpya, nikalipa 185,000. Wiki iliyofuata ikanizimikia palepale. Sidhani kama yule fundi alitaka kunila. Shida ni kwamba kila nilipoifikisha kwake ilikuwa imeshapoa, na ikipoa haina ugonjwa wowote. Lakini hilo alipaswa kuniambia kabla ya kufungua injini, na bado linaniuma.

Aliyeniamsha ni fundi mzee mmoja wa mjini kwetu. Hakugusa hata spana. Aliniuliza, "Mwalimu, ikizima huko mlimani, plagi inatoa cheche?" Sikuwa na jibu. Akaniambia ninunue mita, nikapime kulekule inakozimikia, tena kabla haijapoa.

Nikanunua ile ndogo ya njano, ya kuzungusha kitufe katikati, 15,000 pamoja na betri. Nyumbani nilipima kwanza ikiwa baridi. Unachomoa soketi ya waya zinazotoka kwenye magneti, yaani sehemu ya injini inayozalisha umeme, unaweka mita kwenye ohm 2000 (ohm ni kipimo cha ukinzani wa waya), ncha moja kwenye waya mweusi wenye mstari mwekundu, ambao kwenye Honda hizi ndio unaopeleka umeme kwenye CDI, na nyingine kwenye waya wa kijani, yaani ethi. Ikasoma 280. Nikaandika kwenye daftari.

Jumamosi nikapanda. Ikazima kabla ya Soni, kama kawaida. Kwanza nilifungua kifuniko cha tenki, kwa sababu tundu lake la hewa likiziba petroli haishuki na pikipiki huzima kwa namna inayofanana na hii. Haikuwaka. Nikatoa plagi, nikairudisha kwenye kofia yake, nikaigusisha kwenye chuma cha injini mbali na tundu la plagi, nikapiga kiki. Giza. Nikachomoa waya mweusi wenye mstari mweupe, wa swichi ya kuzimia, maana ukigusa ethi unaua cheche. Bado giza. (Kwenye CDI usipige kiki plagi ikiwa inaning'inia hewani, umeme ukikosa njia unaweza kuunguza koili ya plagi.)

Ndipo nikaweka mita. Upande wa kushoto wa kioo ikatokea 1 peke yake. Kwa mita hizi maana yake waya umekatika, umeme haupiti. Nilikaa chini kwenye majani nikiwa nimeshika zile ncha, injini inalia ti-ti-ti ikipoa, nikitazama ile 1. Baada ya dakika kama kumi na tano ikaanza kucheza: 1, kisha 340, kisha 1 tena. Halafu ikatulia kwenye 331. Nikarudisha soketi, nikapiga kiki, ikawaka. Nilifurahi mpaka nikamshukuru baba kwa sauti.

Ohm kupanda kidogo kwenye joto siyo ugonjwa. Shaba huongeza ukinzani kama asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo 280 kufika 350 kwenye injini ya moto ni sawa. Kupotea kabisa ndiyo ugonjwa: ndani ya koili ya magneti, ile niliyokuwa naipima, waya mwembamba kama unywele umekatika, ukiwa baridi unagusana, ukitanuka unaachana.

Fundi wa kusuka mota alinisukia koili ile kwa 25,000. Pistoni ile haikuwa na kosa.

Sasa mita yenyewe. Kwa ohm na kwa betri ya pikipiki inatosha kabisa. Waya zake ni laini mno. Mmoja ulikatika shingoni mwezi wa pili, nikauchomelea kwa risasi. Haijizimi yenyewe, ukisahau kuirudisha OFF betri ya volti 9 inakwisha. Usiitumie kupima umeme unaotoka CDI kwenda kwenye koili ya plagi, ni volti mia kadhaa za mpigo mmoja na unaweza kuiua. Dukani gusanisha ncha zake mbili ikiwa kwenye ohm 200: isome karibu na sifuri. Ikirukaruka, omba nyingine. Kama bei ingekuwa mara mbili ningenunua tena.

Jumamosi iliyopita nilipanda hadi Lushoto nimebeba mbolea nyuma, sikusimama njiani. Wakati wa kurudi nilisimama Soni kwa hiari yangu, injini ikiwa ya moto, nikachomoa soketi nikapima. Ilisoma 352, ikatulia hapo.