Dawa ya kutakasia viazi na ghala: uzoefu wangu huku Njombe

Wakulima wenzangu wa viazi mviringo wananiuliza sana kuhusu dawa ninayotumia kabla ya kuhifadhi viazi, ile yenye mchanganyiko wa peroksidi ya hidrojeni na asidi ya perasetiki. Nianze na jibu: ni dawa nzuri na nitaendelea kuinunua. Ila kazi inayoifanya vizuri zaidi siyo ile niliyoambiwa dukani.

Muuzaji wa pembejeo alinielekeza niikoroge kwenye pipa, nitumbukize viazi, nivitoe, nivipeleke ghalani. Sikufuata, na nawaomba nanyi msifuate. Ganda la kiazi lina vitundu vidogo vya kupumulia. Kiazi kikilowa sana vitundu hivyo hutanuka, na utando wa maji unakinyima hewa. Hapo bakteria wa uozo laini, wale wanaogeuza kiazi kuwa majimaji yenye harufu kali, wanapata mlango. Tena maji ya pipa yakishapitisha viazi vingi yanakuwa tope, na udongo unakula nguvu ya dawa. Kiazi kimoja kibovu kikiingia humo, vingine vyote vinaoga maji yake.

Mimi napulizia. Viazi vinatoka shambani vikavu, navipangusa udongo bila kuviosha, naondoa vilivyokatwa na jembe, vyenye dalili za kuoza na vilivyogeuka kijani. Vilivyobaki navitandaza safu moja juu ya turubai, kivulini, kisha napitisha bomba la mgongoni lenye nozeli ya matone madogo. Vinalowa kama vimepigwa na umande, havichuruziki. Vikikauka kabisa ndipo vinaingia ghalani.

Kuna kitu nilikiona kwa macho yangu na kimenisaidia kuliko maelezo ya dukani. Dawa ikitua kwenye ganda zima, hakuna kinachotokea. Ikigusa palipochubuka inatoa vipovu vyeupe, kwa sababu nyama ya kiazi ina kimeng'enya kinachovunja peroksidi papo hapo. Nilishika kiazi nilichokwisha kukipitisha kuwa kizima, nikaona mstari mwembamba wa vipovu ubavuni. Nilipopangusa kwa kidole gumba nikakuta ufa uliokuwa umefunikwa na vumbi. Kile nilikitenga kipikwe wiki ileile. Siku hizi sipulizii bila mtu wa pili pembeni anayeangalia vipovu na kuchambua.

Lakini vipovu hivyo hivyo vinaonyesha mpaka wa dawa. Ikikutana na jeraha, nguvu yake inaishia pale juu, haizami ndani. Kwa hiyo shamba lililopata mnyauko wa bakteria usilipotezee hela. Kata kiazi katikati: ukiona pete ya kahawia na ute mweupe unatoka, ugonjwa uko ndani na hakuna kupulizia kutakakouondoa. Baka jani, ule ugonjwa unaoanza kwa mabaka kwenye majani, ukishaingia kwenye kiazi ni hivyo hivyo. Dawa hii pia haizuii viazi kuchipua, wala haimzuii nondo wa viazi.

Mahali nilipoona thamani ya fedha yangu ni kwenye ghala na kreti. Vimelea vya uozo mkavu vinakaa kwenye vumbi na udongo wa msimu uliopita, vinasubiri viazi vipya vyenye michubuko. Kwanza nafagia kila kona, nasugua kwa maji na sabuni, nasuuza, halafu ndipo napulizia dawa na kuiacha iwe mbichi kwa muda ulioandikwa kwenye lebo. Kupulizia juu ya uchafu ni kumwaga dawa bure. Kreti za plastiki zinatakata vizuri. Chaga za mbao ni kazi zaidi kwa sababu mbao inanyonya na kuficha uchafu ndani ya nyufa, kwa hiyo narudia. Ile kona ya ghala langu iliyokuwa ikiozesha viazi kila msimu, sasa naiamini.

Baada ya hapo viazi vyenyewe vinahitaji kama wiki mbili za kuponya michubuko, gizani, penye hewa yenye unyevunyevu na ubaridi wa nyuzi 10 hadi 15 hivi. Baridi yetu ya huku inatusaidia sana. Na mashina nayakata wiki mbili kabla ya kuvuna ili ganda likomae, vinginevyo linachunika kwa kuguswa tu na hiyo kazi yote ya ghalani inapungua maana.

Kuhusu usalama, harufu yake ni ya siki kali na inachoma macho. Vaa miwani, glavu na barakoa, na milango iwe wazi. Usiichanganye kamwe na dawa ya klorini, inaweza kutoa gesi ya hatari. Inakula vyuma, kwa hiyo tumia vyombo vya plastiki. Kifuniko chake kimetengenezwa kiachie gesi, usikizibe, na usiihamishie kwenye chupa ya soda ambayo mtoto anaweza kuinywa. Kabla ya kulipa, angalia kama lebo ina namba ya usajili wa TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na kama inataja matumizi unayoyataka.

Malalamiko yangu ni ujazo. Dumu dogo kabisa nililopata ni la lita tano, bei yake si ya kitoto, na dawa ikishachanganywa na maji lazima iishe siku ileile kwa sababu nguvu inapotea. Kwa mwenye eka moja ni mzigo. Sisi majirani tunachanga hela, tunakubaliana siku ya kusafisha maghala, tunachanganya sehemu moja na kila mtu anakuja na bomba lake. Watengenezaji wakileta chupa ya nusu lita, watauza huku hadi wachoke.