Darasa la jioni la Python, Kirumba

Katika darasa hili lililo karibu na Mwaloni, jijini Mwanza, somo lililonifaa zaidi ni la eval na exec, amri mbili za Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta) zinazoendesha maandishi kama sehemu ya programu. Mwalimu aliweka kilo 3 za sangara kwa bei ya shilingi 12,000 kila kilo, akaipa eval maandishi "kilo * bei", nayo ikarudisha 36000 papo hapo; alipoipa exec "jumla = kilo * bei", kilichorudi ni None, yaani "hakuna thamani", kwa sababu exec hutekeleza maagizo bila kurudisha thamani, na jumla huchukuliwa kutoka kwenye kamusi (hifadhi ya majina na thamani zake) uliyoipatia. None hiyo ilikuwa imenihangaisha siku nzima! Kompyuta ni chache. Kasoro inayonisikitisha ni kuchelewa kutuonya kwamba maandishi ya mteja yasipelekwe kamwe kwenye eval, kwani yanaweza kufuta mafaili.